Mgeni njoo, mwenyeji apone?

Familia nyingi za mjini siku hizi hupeleka shida za nyumbani kwa watu wasiowajua mitandaoni. Wapo wanaopona na wapo wanaoumia. Mwandishi wetu amepitia yote mawili.

ILIKUWA saa nane za usiku na mtoto alikuwa hajanyamaza tangu saa nne. Alikuwa na umri wa wiki tano. Babake alikuwa kazini, zamu ya usiku. Mama yangu mzazi hulala simu ikiwa imezimwa. Jirani wa mlango wa pili nilikuwa simjui hata jina, ingawa tulikuwa tumekaa ghorofa moja zaidi ya mwaka mzima.

Nifanyeje? Nilimlaza mtoto begani, nikashika simu kwa mkono uliobaki, nikaandika katika kundi moja la kina mama: "Mtoto wangu analia bila kukoma na amekataa titi. Nisaidieni."

Kabla ya dakika kumi kupita, majibu yalikuwa yamezidi thelathini. Sijui kina mama hao hulala saa ngapi.

Wa kwanza alisema ni gesi tumboni, nimpe maji ya sukari. Wa pili akasema maji hayafai, nimrambishe asali. Wa tatu akaapa kwamba mtoto ametupiwa jicho baya, nikumbuke ni nani aliyembeba mwisho. Wa nne akanicheka kwa kutojua kulea. Wa tano alikuwa akiuza dawa ya matone, naye yuko tayari kuileta hadi mlangoni.

Katikati ya zogo hilo alijitokeza mtu ambaye mahali pa sura yake aliweka picha ya ua jekundu. Huyu hakutoa ushauri. Aliuliza maswali. Mtoto ana umri gani? Mwili una joto? Amekojoa mara ngapi tangu jioni?

Nikamjibu: wiki tano, ana joto, sikumbuki. Akauliza kama nina kipimajoto. Kilikuwamo kabatini, zawadi ambayo sikuwa nimeifungua. Nikapima. Nyuzi 38.6.

"Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika 38 hapana kungoja asubuhi," akaandika. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Usimpe asali wala maji."

Nilikwenda. Vipimo vilionyesha ugonjwa katika njia ya mkojo. Mtoto alilazwa siku tano akichomwa sindano za dawa, akatoka mzima. Daktari wa zamu aliniambia kwamba kwa umri ule, saa chache tu zaweza kuwa ndizo uhai wenyewe.

Nilipomtafuta yule wa ua jekundu ili nimshukuru, sikumpata tena. Sijamjua hadi leo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule niliona kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili yangu. Laiti ningalikomea hapo.

Jambo lenye mvi

Wapo wazee wanaoona kwamba kumsimulia mtu usiyemjua mambo ya nyumbani kwako ni utovu wa adabu ulioletwa na simu. Kwa kweli, jambo hili lina mvi kichwani.

Mnamo 1691 jijini London, mchapishaji mmoja kwa jina John Dunton alianzisha gazeti lililoitwa The Athenian Mercury. Wasomaji walilipelekea maswali bila kutaja majina yao: ya dini, ya maumbile, na mengi mno ya mapenzi na ndoa. Walidhani wanajibiwa na jopo kubwa la mabingwa. Kumbe jopo lenyewe lilikuwa Dunton na wenzake wachache, mmoja wao akiwa mwanyumba wake, yaani walioa kwa baba mkwe mmoja.

Hapa kwetu Afrika, jarida la Drum lilikuwa na ukurasa wa Dolly, ambao vijana wa nchi nyingi waliuandikia barua kuuliza habari za wapenzi na wazazi wao. Waliomlilia dada huyo hawakujua kwamba nyuma ya jina hilo walikaa waandishi mbalimbali, na miongoni mwao wanaume.

Hata kabla ya magazeti, mila zetu zilikuwa zimelitambua jambo hili. Katika jamii ya Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya mama mkongwe aliyeitwa pim, na mara nyingi huyo pim hakuwa wa ukoo ule. Pwani, msichana alikuwa na somo wake, ambaye hakuwa mamake mzazi. Wazee walijua kwamba yapo mambo ambayo mtoto hawezi kumwuliza mamaye huku akimtazama usoni.

Georg Simmel, bingwa wa Kijerumani wa elimu ya jamii, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni apitaye ndiye ambaye watu humfungulia siri wanazowaficha walio karibu nao. Sababu si ngumu kuiona. Mgeni hana upande. Hatakukumbusha kosa lako katika harusi ya binamu yako, wala hatakutana na mama mkwe wako sokoni.

Familia ya mjini inamhitaji mgeni kuliko ile ya kijijini. Shangazi yuko mbali, nyanya yuko mbali, jirani amefunga mlango. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009 na bei ya intaneti ikaanza kushuka, mgeni huyo amekuwa kiganjani mwa kila mwenye simu, usiku na mchana.

Lakini ipo tofauti ambayo hatuna budi kuitazama. Pim alilala nyumba moja na wasichana wake. Ndoa ilipoyumba, somo aliitwa, akaulizwa alimfunza mwari nini. Alikuwa mtu wa nje, ndiyo, lakini mtu wa nje mwenye kuulizwa. Huyu wetu wa mtandaoni akikosea, nani atamwuliza?

Ujumbe wa pili

Miezi tisa baada ya usiku ule, mama mkwe alikuja kutoka mashambani kutibiwa miguu. Tulipatana akae wiki tatu. Ikawa miezi minne.

Nyumba yetu ni ya vyumba viwili vya kulala. Mama alihamisha vyombo vyangu kutoka rafu moja hadi nyingine, akamfunza yaya kupika mboga kwa namna yake, akaweka kikebe chake cha ugoro kando ya sukari. Kila mwisho wa mwezi, mume wangu alimtia pesa mkononi kabla hata ya kulipa kodi ya nyumba. Nilipotaka kusema, maneno yalinikwama kooni.

Usiku mmoja niliandika tena katika kundi lile, safari hii nikificha jina langu. "Mama mkwe amehamia kwangu. Pesa za nyumba anapewa yeye. Jikoni si kwangu tena. Nifanye nini?"

Majibu yalifika mia mbili. Mfungashie virago, alisema mmoja. Mwanamume asiyejua mkewe ni nani hakufai, akasema wa pili. Dada, ondoka mapema, mimi nilikaa nikajuta, akasema wa tatu. Chini yao alijitokeza mwingine kusimulia jinsi mganga fulani alivyomrudishia mpenzi wake kwa siku tatu, na nambari ya simu ya mganga ikawekwa hapo hapo.

Nilisoma hadi alfajiri, na nakiri kwamba nilifurahi. Ni tamu kuambiwa na watu mia mbili kwamba huna kosa.

Watatu au wanne waliuliza: umezungumza na mumeo? Hao niliwapita bila kuwajibu.

Isitoshe, sikuwa nimesema yote. Sikuandika kwamba mama huyo aliuza mtamba wake ili mwanawe amalize chuo. Sikuandika kwamba mtoto alipolia usiku, yeye ndiye aliyeamka wa kwanza, na miguu yake hiyo mibovu. Niliandika nusu ya hadithi, nikapewa hukumu nzima.

Nilipoulizwa ana vituko gani vingine, nikataja kikebe cha ugoro. Hapo ndipo nilipojichongea. Katika kundi lile alikuwamo mke wa binamu ya mume wangu. Alikijua kikebe kile. Akaupiga picha ujumbe wangu pamoja na majibu yake, akaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo.

Jumapili mchana, tukiwa mezani sote, simu ya mume wangu ililia mara tatu mfululizo. Akasoma. Akailaza kifudifudi kando ya sahani, akamaliza chakula chake. Usiku, mama alipokwisha kulala, ndipo aliponiuliza: "Watu maelfu wamelijua jambo hili kabla yangu?"

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. Kwa siku tatu alilala sebuleni.

Shangazi apiga simu

Shangazi yangu, dada ya baba, anaishi Webuye. Habari zilimfikia kwa njia anazozijua yeye. Siku ya nne akanipigia simu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, Shangazi. Umesikia?"

"Nimesikia. Kwanza niambie, mama mkwe wako amekula nini leo?"

Nikanyamaza. Nilikuwa sijui.

"Na miguu yake?"

"Bado inavimba, Shangazi."

"Kliniki yake inaisha lini?"

Hilo pia nilikuwa sijui.

"Basi nyumba yenyewe huijui, mwanangu, nawe umekwenda kuisimulia," akasema. "Nenda jikoni uketi naye. Usianze na msamaha. Anza na miguu."

Nilikwenda. Mama alikuwa akichambua mchicha, na alikuwa ameshasikia yote, kwani ukoo hauna siri. Nikavuta kigoda, nikamwuliza habari za miguu yake. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia mambo matatu.

La kwanza, alitaka kurudi kwake tangu wiki ya tatu, maana aliacha kuku na maharagwe shambani. Mwanawe ndiye aliyekataa, akisema hatoki kliniki isipoisha. La pili, pesa zile zilikuwa za dawa na nauli ya hospitali, naye aliona haya kunitajia bei yake. La tatu, vyombo alivishusha kwa sababu rafu ya juu haifikii na kigoda hawezi kukipanda.

Majibu mia mbili niliyapata, na hakuna hata moja lililoweza kujua hayo. Yalikuwa hatua sita kutoka kitandani kwangu.

Kliniki iliisha mwezi uliofuata, naye akarudi kwake. Mume wangu alirudi chumbani. Hata hivyo, sitawadanganya wasomaji kwamba kila kitu kimekuwa kama awali. Wifi yangu hunisalimia kwa ncha za vidole hadi leo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Uliza hili, lile usiulize

Je, tuwakimbie wageni hawa? La. Ningewakimbia usiku ule wa kwanza, huenda leo ningekuwa naandika mengine.

Jambo nililojifunza ni hili: mgeni ni wa kuulizwa habari, si wa kuachiwa hukumu. Mwulize kituo gani cha afya kina chanjo Jumamosi, shule fulani inataka sare ipi, mtoto anayekwenda shule ya bweni anahitaji sanduku la aina gani. Majibu ya namna hiyo waweza kuyapima kesho yake. Ukikosea, utapoteza nauli tu.

Mwulize pia aliyepitia njia unayoipitia. Mama mwenye mtoto wa usonji au wa selimundu aweza kumpata mwenzake kwa usiku mmoja, wakati mtaani kwake ametafuta mwaka mzima asipate. Baba aliyefiwa na mkewe aweza kuuliza jinsi ya kumsuka binti nywele bila mtu kumcheka usoni. Faraja ya kujua kwamba hauko peke yako si kitu kidogo.

Lakini kama swali lako ni "nikae au niondoke?", hilo usilipeleke kwa kura ya watu ambao hawatalala nyumbani kwako leo usiku. Kila mmoja atakujibu kwa kidonda chake mwenyewe. Aliyeachwa atakwambia uondoke, aliyevumilia atakwambia uvumilie.

Mpime mshauri kwa maswali yake. Anayekuuliza kabla ya kukujibu, huyo msikilize. Anayekujibu kabla hujamaliza, mpite. Anayeuza kitu, anayetaka mwende faraghani, au anayetaka pesa ili akuombee au akuagulie, mfungie mlango.

Katika mambo ya afya, jibu la mtandaoni likupeleke kwa daktari, lisichukue mahali pake. Mtoto wa chini ya miezi sita hutosheka kwa maziwa ya mama, hata maji hahitaji. Asali haimfai mtoto asiyefikisha mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba viini vya sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvimudu. Hayo wahudumu wa kliniki ya watoto hutuambia kila siku, lakini saa nane za usiku tunayasahau.

Usidanganyike kwamba umejificha. Katika makundi ya Facebook, ukiandika bila jina, wasimamizi wa kundi bado hukuona wewe ni nani. Na hata wasipokuona, jamaa zako watakutambua kwa mambo madogo madogo. Jina hufichika, kikebe cha ugoro hakifichiki.

Kwenu wanafunzi, nanyi mna usiku wenu wa manane: wazazi wanaogombana chumba cha pili, karo isiyotosha, mpenzi anayetaka picha ambazo hamtaki kuzipiga. Msitaje shule yenu wala kutuma sura zenu kwa mtu mliyemjua jana. Mwalimu wa ushauri shuleni yupo, na nambari ya simu 116 hupokea watoto na vijana bila malipo, usiku na mchana.

Shangazi si malaika

Haitakuwa haki nikimsifu shangazi wangu bila kusema upande wa pili. Wapo mashangazi na wazee waliomrudisha binti kwa mume anayempiga, wakamwambia ndoa ni kuvumilia, hadi siku waliyoitwa kwenda kumzika. Binti wa namna hiyo akisikia kutoka kwa mgeni wa mbali kwamba kipigo si mapenzi, mgeni huyo amemfaa kuliko ukoo mzima.

Kwa hivyo, palipo na kipigo au kitisho cha kuuawa, usingoje kura ya mtandaoni wala kikao cha ukoo. Toka kwanza, mashauri baadaye. Nambari 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, haina malipo na hupokewa saa zote.

Penginepo, mzee awe na haki yake ya kuulizwa kwanza. Na kabla ya mzee, mwenye nyumba mwenzako. Mambo mengi tunayoyaandika usiku kwa watu elfu yangemalizwa na swali moja jikoni, mchana, mbele ya ungo wa mchicha.

Juzi nilibisha mlango wa pili, nikajitambulisha. Jirani yangu ana watoto watatu na amelea katika jiji hili kwa miaka kumi na mitano. Alicheka aliposikia kwamba siku zote hizo nilikuwa nikiwauliza watu wa mbali, na yeye yupo ukuta wa pili akisikia mtoto akilia, asijue kama anaruhusiwa kubisha.

Kundi lile la kina mama sijalihama. Wiki iliyopita, saa tisa za usiku, mama mmoja aliandika kwamba mtoto wake analia na hajui afanye nini. Majibu yalikuwa yameanza kumiminika: maji ya sukari, asali, jicho baya.

Nikaandika: "Ana umri gani, mama? Na mwili una joto?"